Kadi Nzito Ndiyo Kadi

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Shemeji Saadi amenifukuza. Hakutumia neno hilo, ni mtu mstaarabu. Alisema mfungo unakaribia, tende zake za biashara zinaingia wiki ijayo, na stoo ni yake. Stoo yenyewe ndiyo chumba changu cha gemu: kompyuta nne, viti sita, feni moja ya ukutani isiyozunguka. Dada Twahira, mke wake, akajaribu kunitetea. Akasema mashine zinaweza kukaa kwa shangazi yetu Kisongo. Kisongo! Wateja wangu watakuwa ng'ombe na watu wanaowahi ndege.

Jioni mambo yakageuka. Mzee Shomari ana fremu tupu ya duka pale kona ya Sokon One, hapa Arusha mjini. Mlango wa chuma, mita yake ya umeme, vijana wanapita tangu asubuhi. Nikaenda na shikamoo yangu. Nikamkuta Elimringi ameshakaa anakunywa chai. Huyu ni Mmeru wa huko juu, njia ya Momela, Mlutheri, ana kompyuta tatu kwenye kibaraza cha saluni ya mama yake mdogo. Anacheka hata akijibu salamu. Simpendi.

Mzee Shomari alikuwa mwamuzi wa mpira enzi zake. Akatuambia kompyuta hazijui, mpira anaujua. Alhamisi ya wiki ijayo ni siku ya mapumziko, tena kabla ya mfungo. Kila mmoja wetu alete mashine moja yenye gemu la mpira. Yule ambaye kwenye mashine yake Mzee ataweza kumkamata mchezaji aliyeotea, anachukua fremu. Mwingine aende kwa amani.

Nimewasha mashine yangu bora. Kadi ya VGA, ile inayochora picha kwenye skrini, ni ya MB 32, ya zamani sana. Wachezaji hawana vidole. Kipa hana uso. Kwa hiyo akili ipo, kinachokosekana ni kadi.

Jumanne, 5 Oktoba

Dukani kwa Lilian, nyuma ya stendi. Anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika, kadi kazipanga kwenye trei za mayai. Nilichambua asubuhi nzima. Zikabaki mbili. Moja ndogo, MB 64, haina mbwembwe. Nyingine ndefu, MB 128, ina bati nene mgongoni na feni kubwa.

Lilian akasema nichukue ndogo. Alidai ile kubwa ina kumbukumbu nyingi lakini njia ya kupitishia picha ni nyembamba mno, kama ghala la mahindi lenye mlango wa banda la kuku. Nikamsikiliza kwa adabu. Muuzaji siku zote anasifia kile kilichokataa kutoka.

Nikamwomba ruhusa nizipime. Alidhani nataka kuzichomeka kwenye mashine. Nikavuka barabara hadi buchani. Muuza nyama akaondoa maini kwenye mizani, akaipangusa kwa gazeti, akaziweka moja moja. Ile kubwa iliizidi ndogo zaidi ya mara mbili! Wateja waliokuwa kwenye foleni ni mashahidi wangu. Kitu kizito kina vitu ndani, hata mama anayechagua nanasi sokoni anajua hilo. Wengine husoma majarida kulinganisha kadi. Mimi nina mbinu yangu.

Nikachukua nzito, nikamwachia Lilian baiskeli kama dhamana. Alicheka mpaka akashika meza. Nadhani ananipenda.

Jumatano, 6 Oktoba

Majaribio. Picha nzuri ajabu. Nyasi zinaonekana moja moja. Kipa ana uso, tena ana masharubu. Kuhusu kasi kuna la kusema. Nilipiga kona, mpira ukabaki hewani. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi ulikuwa umeshuka kidogo.

Nimechunguza nikagundua sababu. Kadi imetoka Ulaya na hapa tuko kwenye miinuko ya juu, hewa nyepesi. Haijazoea. Nimeiacha ikiwaka mchana kutwa. Twahira akaja kuuliza kwa nini stoo inanuka pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Nikamwambia ndiyo harufu ya maendeleo. Akafungua dirisha.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimempeleleza Elimringi. Nilijifanya nimepita kusalimia. Akanikaribisha kwa furaha, maskini, akanionyesha kila kitu.

Hali ni mbaya. Ana kadi ndogo ya MB 64, ndugu wa ile niliyoikataa. Mjomba wake anafanya kazi hoteli ya watalii kule Momela, mgeni mmoja alimwachia. Wachezaji wanakimbia bila kukwama hata mara moja. Jasho linaonekana shingoni. Vivuli vinawafuata.

Lakini mtu huyu hana breki mdomoni. Akanieleza mwenyewe kwamba mama yake ameitaka kadi. Ndicho kitu cha kwanza chema kuingia kwenye biashara ya mtoto wake, kwa hiyo ni malimbuko. Kwao ndizi za kwanza na kahawa ya kwanza hupelekwa kanisani, na kadi nayo itapelekwa Jumapili. Baada ya ibada vitu vyote vinanadiwa uwanjani. Yeye ataingia mnadani, ataikomboa, yameisha. Nani mwingine kule mlimani anataka kadi ya VGA? Akacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kumshinda yeye.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimeuza redio yangu. Twahira akauliza ninapata wapi ujasiri wa kwenda kununua sadaka ya watu. Nikamjibu mnada ni mnada, aliyepanda dau anachukua. Akasema kuna siku nitajinunua mwenyewe nisijue. Sikumwelewa, wanawake wa nyumba hii wanapenda mafumbo.

Msikitini hotuba yote ilinipita. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uso wa mtu asiye na haraka.

Jumapili, 10 Oktoba

Siku kubwa.

Nilipanda pikapu ya maziwa hadi kanisani kwao. Baridi kali, migomba pande zote, mlima umefunikwa mawingu. Nilipanga kujibanza nyuma ya umati. Haikuwezekana. Wazee wa kanisa waliiona kofia yangu ya kiua kutoka mbali. Wakanisalimu Bwana asifiwe, nami kwa mazoea nikawaitikia waalaikumu salaam. Wakacheka vizuri, wakanipa kiti cha mbele kabisa, wakanisimamisha nijitambulishe. Nikasema naitwa Luqman, nimekuja kwa mambo ya kilimo.

Mnada ukaanza. Mzee wa kanisa mmoja, Mzee Solomoni, ndiye alikuwa ananadi. Zikapita ndizi, mayai, debe la kahawa, jogoo mkorofi. Kisha akainua kadi ya Elimringi kwa vidole viwili. Akatangaza kwamba hicho ni kifaa cha kompyuta, kina feni, hakiumi.

Elimringi akataja dau lake kwa sauti ya mtu anayechukua koti lake msumarini. Nikaongeza. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, meno yake yalijificha. Akaongeza. Nikaongeza. Tukaenda hivyo mpaka akina mama waliokuwa wanafunga ndizi zao wakaacha. Nikaweka redio yote na nauli ya kurudi. Elimringi akapapasa mifuko. Hakuna kitu! Mzee Solomoni akagonga meza, kadi ikawa yangu.

Hapo furaha ikanishinda. Nikaipokea kwa mikono miwili nikaiinua juu ya kichwa ili Elimringi aione vizuri.

Vigelegele vikalipuka uwanja mzima. Nikashangaa, nikainua zaidi. Mzee mmoja akanikumbatia. Mama mmoja akafuta machozi kwa kitenge. Kisha Mzee Solomoni akaja akaichukua kadi mkononi mwangu kwa upole, akawaambia watu kwamba mgeni wetu Mwislamu amelipa na amerudisha. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao, mnunuzi akikiinua kitu juu ya kichwa, amekitoa tena kwa Mungu. Kinanadiwa upya. Na pesa zangu zilikuwa zimeshaingia kapuni.

Nilikaa. Nilitabasamu. Moyoni nililia. Nilimwona Elimringi anakopa kwa binamu, anakopa kwa mwalimu wa kwaya, anataja dau, na hakuna wa kumpinga. Kadi ikarudi kwake. Meno nayo yakarudi.

Sasa sikiliza, ewe shajara. Mama yake Elimringi akasimama. Mama mrefu, kilemba cheupe, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akasema kama mgeni wa dini nyingine ameweza kutoa hivi, familia yake haiwezi kuondoka na kitu mkononi ikarudi nacho nyumbani. Itakuwa aibu. Akamshika mwanawe kiwiko, akamleta mbele hadi kwenye kiti changu, na Elimringi akanikabidhi kadi yeye mwenyewe, zawadi kutoka kwa familia. Alijaribu kucheka. Alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Safari hii niliiweka mfukoni haraka sana na mkono sikuuinua hata kujikuna. Wakaniongezea mkungu wa ndizi na yule jogoo. Mchungaji mwenyewe akanitafutia gari la kunirudisha mjini. Nimepanga vizuri tangu mwanzo, hesabu zangu zimekubali zote.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kulinganisha kadi kwa mara ya mwisho. Buchani tena. Muuza nyama akaniuliza kama nimehamia. Kadi ya Elimringi ikapanda mizani, sindano ikasogea kidogo tu. Yangu ya MB 128 ikapanda, sindano ikaruka. Nilifadhaika. Kumbe nilihangaika hadi mlimani kwa kitu chepesi hivi!

Nikaijaribu kwenye mashine hata hivyo. Inakimbia, sikatai. Mno. Gemu linaisha kabla mtu hajafurahia. Kadi yenye heshima zake haina papara.

Usiku sikupata usingizi. Naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma: wale watu walinipenda. Yule mama aliniita mwanangu mbele ya kanisa zima, nami nilikwenda pale kumnyang'anya mtoto wake riziki. Iliniuma. Iliniuma kweli. Halafu nikawaza zaidi. Nikimshinda Elimringi akiwa hana kadi, mtaa utasema nilishindana na kibaraza. Nataka nimshinde akiwa na silaha yake mkononi.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimemrudishia kadi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu udugu. Elimringi akaniuliza kama nina uhakika. Akaniuliza tena. Kisha akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema hatasahau, na kwamba kama nina tatizo lolote la mashine niseme tu. Tatizo! Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Twahira aliposikia alikaa chini kwenye ngazi. Akaniuliza nitatumia nini Alhamisi. Nikamwambia nzito. Akaomba dua, sijui kwa ajili ya nani. Shemeji Saadi ameanza kupima stoo kwa hatua zake, anahesabu magunia yatakayoingia.

Alhamisi, 14 Oktoba

USHINDI.

Nitaeleza kwa utaratibu ingawa nashindwa kukaa.

Fremu ya Mzee Shomari ilijaa hadi barazani. Mzee alivaa shati lake jeusi la uamuzi, linambana kidogo, na filimbi shingoni. Jicho lake moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili linasubiri. Akakaa karibu kabisa na skrini. Meza mbili, mashine mbili. Niliomba umeme usikatike. Baadaye nikaomba ukatike.

Maana Elimringi alianza. Picha kama maji. Vijana wakapiga miluzi. Pasi ikatoka katikati, mshambuliaji akachomoka, goli. Mzee Shomari akauliza ni nani aliyepiga. Wakarudia. Pasi, mbio, goli. Mzee akauliza mpira uko wapi. Wakarudia tena. Akasogeza kiti, akafuta macho kwa leso, akakiri kwamba ameona rangi tu zinapita. Alionekana mzee ghafla, na shati likaonekana kubwa.

Zamu yangu. Feni ikanguruma, watu wa mbele wakarudi nyuma. Mchezo ukaanza. Mchezaji akainua mguu. Tukasubiri. Akaushusha. Kijana mmoja akauliza kama hiyo ni picha ya kupigwa au ni mpira. Kicheko. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Shemeji Saadi alikuwepo mlangoni, nilimwona anahesabu magunia usoni mwangu.

Nikapiga pasi ya mbele. Kadi ikagoma kabisa. Mpira umetoka mguuni, mshambuliaji yuko mbele, kila kitu kimesimama.

Mzee Shomari akainuka. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye kisigino cha beki wa mwisho. Akakivuta kidole polepole kushuka chini, mstari ulionyooka. Akakitazama kiatu cha mshambuliaji. Akatazama tena kisigino. Kisha akapuliza filimbi mpaka masikio yetu yakaziba, akanyoosha mkono juu.

Ameotea.

Na kweli alikuwa ameotea, sote tuliona, kwa nusu mguu. Mzee aligeuka machozi yanamtiririka. Akasema maisha yake yote mpira ulimkimbia. Kuna fainali moja alikubali goli, watu wakamrushia mawe, na mpaka leo wapo wanaomnyima salamu sokoni kwa sababu ya goli lile, naye mwenyewe hajui kama alikosea. Leo mpira umesimama ukamsubiri atazame. Akanikabidhi ufunguo hapo hapo.

Elimringi akaja kunipongeza. Alitabasamu kweli, nadhani. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kunisaidia kuondoa ule ukwamaji, ni kubadili kadi tu, atanipa hata ile yake siku za jioni. Wivu ni ugonjwa. Nikamwambia asante, nitafikiria.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimehamia. Stoo imejaa tende, shemeji anaimba. Twahira alikuja kufagia fremu, akasema hajui nimeshindaje lakini alhamdulillahi. Nikamwambia ni utafiti.

Uamuzi wa kibiashara: kama kadi moja nzito imeleta fremu, nne zitaleta nini? Nimempelekea Lilian kadi zangu zote nyepesi, akanitafutia nzito nyingine tatu kutoka chini ya kaunta, zina vumbi la kutosha. Hakutaka kitu juu yake. Alisema ninamsaidia kusafisha duka. Akanirudishia na baiskeli. Yule dada ananipenda, sasa sina shaka.

Jumatano, 20 Oktoba

Biashara imesimama imara. Fremu imejaa! Tangu alasiri hadi magharibi hakuna kiti.

Habari za Mzee Shomari zilienea msikitini. Akaja na rafiki yake mshika kibendera. Kesho yake wakaja na kocha mstaafu, na imamu msaidizi, na wazee wengine wanaotafuta mahali pa kusogezea saa kabla ya kufuturu. Wanakaa wanne kwa kila mashine. Mimi napiga pasi, kadi inasimama, wao wanavuta mistari kwa vidole na kubishana hadi adhana. Skrini zangu zina alama nyingi za vidole kuliko mlango wa zahanati. Hawanunui soda, wamefunga. Malipo siwezi kuwadai, nitamdai vipi mtu niliyemwamkia shikamoo? Siku nzima naitikiwa marahaba. Nani hapa Sokon One anaheshimiwa hivi?

Vijana wameondoka. Walisema kwangu unaweza kuzeeka ukisubiri penalti. Wamekwenda kwa Elimringi, ambaye amekodi chumba nyuma ya saluni. Nilipita jana kumchungulia. Huzuni tupu. Foleni hadi barabarani, kelele, watoto wa shule wanalipa na kutoka, wanalipa na kutoka, hakuna anayetulia hata kidogo. Yeye mwenyewe hana nafasi ya kukaa. Amekonda. Wala hakuna mzee hata mmoja mle ndani wa kumwambia neno la busara.

Nimemwonea huruma. Kadi zile nyepesi zitammaliza. Nimechomoa moja ya nzito kwenye mashine yangu, nimeifunga vizuri kwenye gazeti, na kesho asubuhi nampelekea bure. Mama yake alinitendea wema, siwezi kukaa nikamwona mtoto wake anaanguka.